Barua kwa Rafiki: Nyufa Zinazochonga Vilima

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Barua yako imenifurahisha, hasa pale ulipouliza inawezekanaje kilima cha mawe makubwa kisimame peke yake katikati ya uwanda, ilhali mwamba ulio chini ya uwanda huo ni graniti ile ile. Wengi hujibu kwamba kilima kimebaki kwa sababu jiwe lake ni gumu zaidi, jibu ambalo mara nyingi si la kweli. Kwa maoni yangu, kabla ya kuuliza mwamba una ugumu gani, tuulize nyufa zake zimeachana kwa umbali gani.

Graniti hutokana na mwamba ulioyeyuka kwa joto kisha ukapoa polepole, kilomita kadhaa chini ya ardhi. Unapopoa husinyaa, na baadaye nguvu za ganda la dunia huukamua na kuuvuta, hata ukapasuka kwa nyufa zinazokatana. Mahali fulani nyufa hizo huwa karibu karibu, umbali wa sentimita chache tu. Kwingine huachana kwa mita kadhaa. Maji ya mvua, yakiisha kuchukua hewa ya ukaa angani na nyingi zaidi udongoni, huwa asidi hafifu, na kwa kuwa graniti nzima haipitishi maji kwa urahisi, asidi hiyo hupita kwenye nyufa. Humo huishambulia madini ya feldispa na kuigeuza kuwa udongo wa mfinyanzi, huku chembe za kwatzi, madini mengine ya graniti ambayo ni vigumu mno kuyeyuka, zikibaki zimelegea. Ukikuta barabara iliyochimbwa katika graniti iliyooza namna hii, sogea uitazame kwa karibu: chembe bado zimekaa vile vile zilivyokaa katika jiwe zima, hata michirizi ya kwatzi bado inaonekana, lakini ukiukwaruza ukuta kwa kucha, unabomoka na kuwa changarawe.

Zingatia pia pembe za mawe. Uso wa bonge la mwamba hushambuliwa kutoka upande mmoja, ukingo kutoka pande mbili, na pembe kutoka pande tatu. Kwa hiyo pembe huisha kwanza, na bonge lililoanza na umbo la sanduku huviringika lingali limefukiwa ardhini, bila kubingirishwa na mto wala kusuguliwa na upepo. Mwaka 1955 mwanajiografia David Linton, akiandika juu ya vilele vya graniti kama vile vya Dartmoor huko Uingereza, alieleza kwamba vilele hivyo huundwa kwa hatua mbili: kwanza mwamba huoza chini ya ardhi pale nyufa zilipo nyingi, kisha uozo huo huondolewa na mabonge mazima hubaki yamepandana. Wataalamu wengine walimpinga, wakasema baridi kali ya zama za barafu ingetosha, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kuubandua mwamba. Mimi naona pande zote mbili zinategemea jambo moja, kwani barafu nayo haiwezi kuanza kazi mahali pasipo na ufa.

Hata hivyo, nyufa peke yake hazitoshi kueleza kila kitu, na hapa hali ya hewa ina neno lake. Katika Grand Canyon kule Marekani, ambako mvua ni haba, mwamba wa chokaa husimama kama ukuta wima wenye kimo cha zaidi ya mita 100, wakati miamba ya tope iliyo chini yake hulainika na kuwa miteremko. Ukienda Slovenia, ambako mvua ni nyingi, chokaa huyeyushwa kupitia nyufa zake hadi kuacha mashimo na mapango. Pango la Postojna lina njia zenye urefu wa takriban kilomita 24. Kwa hiyo sikubali mtu aniambie kwamba chokaa ni jiwe gumu au laini kabla hajaniambia mvua ya mahali hapo ni kiasi gani.

Kama unataka mfano mmoja ulio wazi kuliko yote, chukua ramani ya mto Zambezi chini ya Maporomoko ya Victoria. Maji huanguka kwa kimo cha takriban mita 108 ndani ya bonde jembamba lililokatiza njia ya mto, kisha hupita katika makorongo yanayokwenda huku na huku kwa kona kali. Mwamba wa hapo ni basalti, yaani jiwe jeusi la lava iliyopoa, nayo ina nyufa kubwa zinazoelekea mashariki na magharibi, zilizojaa vitu laini. Mto ulipofikia ufa mmoja, uliuchimba kwa urefu wake hadi ukawa korongo. Kisha maporomoko yakarudi nyuma kuelekea juu ya mto hadi ufa uliofuata, nayo kazi ikaanza upya. Kila korongo unaloliona katika ramani hiyo lilikuwa ukingo wa maporomoko katika zama zake, na upande wa magharibi wa ukingo wa leo, pale ambapo maji yamekwisha kuchimba chini zaidi kuliko kwingine, wanajiolojia wanaona dalili za ukingo mpya.

Wako wa dhati.