Klorokwini haikukataliwa kwa sababu ya bei yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu ambaye barua yake, iliyochapwa wiki mbili zilizopita, ilidai kwamba klorokwini, dawa ya zamani ya malaria, ilikuwa tiba ya UVIKO-19 na kwamba iliwekwa kando makusudi kwa kuwa ni dawa ya bei ya chini isiyomtajirisha mtu. Dai hilo si geni. Nimelisikia kwenye kahawa pale Kirumba, nimelisikia ndani ya daladala za Nyegezi, na kwa kuwa nilifundisha baiolojia sekondari kwa miaka mingi, mara nyingi ninayegeukiwa kuulizwa ni mimi. Namshukuru mwandishi kwa kuliweka kwenye maandishi, maana la kwenye maandishi hujibika.

Jibu linaanzia mahali ambapo ubishi wa vijiweni haufiki, yaani namna kirusi chenyewe kinavyoingia ndani ya seli. Kirusi cha korona kimezungukwa na miiba ya protini. Ncha ya mwiba hunasa kwenye kipokezi kiitwacho ACE2, ambacho kipo juu ya seli za njia ya hewa, mapafu, utumbo na viungo vingine, na ambacho kazi yake halali mwilini ni kusaidia kurekebisha shinikizo la damu. Lakini kunasa si kuingia. Waliovuka kati ya Kigongo na Busisi kabla ya daraja watanielewa upesi: kivuko kimeshagusa ukingo, injini inanguruma, na bado hakuna gari linaloshuka mpaka lile lango la mbele literemshwe. Kwa kirusi, lango hilo huteremshwa na vimeng'enya vya mwili wetu wenyewe, ambavyo huukata mwiba mahali maalumu; ukishakatwa, sehemu yake ya chini hujikunjua, hujichomeka katika utando wa seli na kuuvuta hadi utando wa kirusi na ule wa seli ziungane, kisha uzi wa RNA, yaani maagizo ya urithi ya kirusi, wenye herufi takriban 30,000 huingia ndani na kuanza kuiamrisha seli itengeneze virusi vipya.

Ukataji huo unaweza kufanyika mahali pawili. Njia ya kwanza ni juu ya seli, ambako kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho TMPRSS2, kinachopatikana katika seli za njia ya hewa na mapafu. Katika njia ya pili, seli humeza kirusi kizima ndani ya kifuko, kifuko huzidi kuwa na tindikali, na katika tindikali hiyo kimeng'enya kingine, katepsini L, ndicho kinachoukata mwiba. Klorokwini, pamoja na ndugu yake haidroksiklorokwini, hupunguza tindikali ya kifuko. Kwa hiyo huziba njia ya pili, na ya kwanza huiacha wazi.

Majaribio ya maabara ya mwanzoni mwa 2020 yaliyoipatia klorokwini sifa dunia nzima, na ambayo mwandishi aliyataja, yalifanywa katika seli za figo za tumbili, aina ambayo maabara nyingi huitumia kwa sababu huota kwa urahisi na virusi vya aina nyingi hustawi humo. Seli hizo zina upungufu wa TMPRSS2. Kirusi kikiwekwa humo hakina budi kupita kwenye kifuko, na dawa inayoharibu tindikali ya kifuko lazima ionekane shujaa. Wanasayansi wa Göttingen, Ujerumani, ambao tayari walikuwa wameonyesha umuhimu wa TMPRSS2, walirudia jaribio hilo katika seli zenye asili ya mapafu ya binadamu, na matokeo waliyoyachapisha Julai 2020 yalikuwa kwamba klorokwini haikuzuia kirusi. Mwandishi wetu hakusema uongo alipolitaja jaribio la kwanza. Alichokiruka ni swali la seli za nani.

Hata hivyo seli katika chupa, ziwe za tumbili au za mtu, si mgonjwa kitandani. Nchini Uingereza, katika jaribio kubwa liitwalo RECOVERY, wagonjwa 1,561 waliolazwa walipewa haidroksiklorokwini na wengine 3,155 walipata matunzo ya kawaida tu. Ndani ya siku 28 walifariki asilimia 27 ya kundi la kwanza na asilimia 25 ya kundi la pili, yaani dawa haikupunguza vifo. Sehemu hiyo ya jaribio ilifungwa na matokeo yakatangazwa tarehe 5 Juni 2020. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 16 Juni, watafiti wale wale walitangaza kwamba deksamethasoni ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa takriban moja ya tano miongoni mwa waliokuwa wakipewa oksijeni. Deksamethasoni ni dawa ya tangu miaka ya 1950, bei yake ni ndogo, na hakuna kampuni iliyotarajia utajiri kwayo. Ikiwa unafuu wa bei ndio uliokuwa kosa la klorokwini, mwandishi atueleze hii nyingine ilipitaje.

Niongeze tahadhari, kwa sababu najua jinsi tunavyonunua dawa madukani: deksamethasoni haikuwasaidia wagonjwa wasiohitaji oksijeni. Dawa hiyo haiui kirusi wala haifungi mlango wowote. Hutuliza kinga ya mwili ambayo, siku za mwisho za ugonjwa mkali, hugeuka na kuyashambulia mapafu. Anayekohoa nyumbani haimhusu. Na klorokwini nayo, mbali na ule muwasho ambao sisi tulioimeza kabla haijaondolewa kwenye tiba ya malaria mwaka 2001 hatujausahau, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Sitaki nieleweke kwamba ukishaujua mlango umeshapata dawa. Kamostati, dawa ya Kijapani ya kongosho, huzuia TMPRSS2, na katika maabara ilifanya vizuri. Ilipopelekwa kwa wagonjwa waliolazwa, haikuleta nafuu iliyotarajiwa, pengine kwa kuwa mtu anapofika wodini kirusi kimekwisha kuingia siku nyingi. Kingamwili za kutengenezwa, ambazo hushika ncha ya mwiba isinase kwenye ACE2, zilisaidia kwa muda, kisha ikaja Omicron, aina mpya ya kirusi yenye miiba iliyobadilika, na nyingi kati ya hizo zikapoteza nguvu. Dawa za kirusi zilizofanikiwa zaidi hufanya kazi baada ya mlango: remdesiviri huvuruga unakiliji wa RNA, na nirmatrelviri, iliyomo ndani ya Paxlovid, huzuia kimeng'enya cha kirusi chenyewe kinachokatakata protini zake mpya. Paxlovid inapaswa kuanzwa ndani ya siku tano za dalili. Ndani yake mna pia ritonaviri, ambayo watu wanaotumia dawa za VVU wanaifahamu, na kwa kuwa huchelewesha ini kuvunja dawa nyingi nyingine, mgonjwa lazima amtajie daktari kila dawa anayotumia.

Limebaki jambo moja, ambalo nadhani ndilo lililomgusa mwandishi kuliko yote. Alieleza kwamba ndugu zake watatu kule Igombe walimeza klorokwini na wote wakapona. Nafurahi walipona, na sina sababu ya kulitilia shaka neno lake. Lakini wengi mno walioambukizwa walipona bila kumeza chochote, na kwa macho tu huwezi kumtenga aliyeponywa na dawa na ambaye angepona hata hivyo. Ndiyo maana wale watafiti walihitaji watu 3,155 ambao hawakupewa dawa hiyo.

Mwalimu mstaafu,
Nyegezi, Mwanza