Kwako dada: safari ya muswada wenu Minnesota

Saint Paul, Minnesota

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wenzako wote wanaotunza wazee. Barua yako imenifurahisha sana. Kumbe mwakilishi wenu amekubali kuubeba muswada wa mafunzo ya watunzaji! Hongereni. Sasa niruhusu nikueleze kazi inayomkabili mheshimiwa huyo, maana ninyi ndio mtakaomsukuma, na huwezi kumsukuma mtu usiyejua anaelekea wapi.

Kwanza weka kando picha ya Dodoma na Nairobi, ambako miswada mingi mikubwa huletwa na serikali. Hapa gavana hana kiti bungeni, na hata bajeti yake lazima ibebwe na mjumbe. Baraza la Wawakilishi lina wajumbe 134, Seneti 67, na kila mmoja wao anaweza kuleta muswada. Ndiyo maana inaingia maelfu kwa kila kipindi cha miaka miwili, na inayopita ni michache.

Mheshimiwa haandiki maneno ya sheria mwenyewe. Anapeleka wazo kwa ofisi ya waandishi wa sheria, isiyo ya chama chochote, nao wanamrudishia muswada ambao maneno ya zamani yamekatwa kwa mstari na mapya yamepigiwa mstari chini. Kila mstari una namba yake: 2.14 maana yake ukurasa wa pili, mstari wa 14. Zoea kusoma hivyo, kwa sababu marekebisho huandikwa kwa namba hizo hizo. Karatasi itasema tu kwamba ukurasa wa 2, mstari wa 14, neno moja lifutwe na jingine liwekwe. Ukifungua mstari wenyewe ndipo unakuta "idara lazima itoe mafunzo" imegeuka "idara inaweza kutoa mafunzo". Neno moja hilo, na muswada umebaki ganda.

Msitosheke na namba ya Baraza la Wawakilishi peke yake. Muswada unahitaji pacha wake Seneti, wenye maneno yale yale na namba tofauti. Mwombeni mheshimiwa amtafute seneta mapema, na ikiwezekana atoke kwenye kamati itakayousikiliza. Kule Wawakilishi wanaoweza kutia sahihi kama wadhamini wa muswada ni hadi wajumbe 35, Seneti ni watano tu. Sahihi za vyama vyote viwili zina uzito mkubwa, hasa sasa ambapo vyama vinakaribiana. Uchaguzi wa 2024 ulileta sare ya 67 kwa 67 kwenye Baraza la Wawakilishi, na kupitisha sheria kule kunahitaji kura 68, yaani nusu ya wajumbe wote na mmoja zaidi, hata kama ukumbi una viti vitupu. Ni uchaguzi huo huo uliomwingiza Huldah Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, kwa hiyo msidhani mlango huu ni wa watu wengine.

Baada ya kusomwa mara ya kwanza, muswada unapelekwa kamati, na hapa ndipo mingi inapolala moja kwa moja. Mwenyekiti ndiye anayepanga ratiba. Asipoupangia siku, hakuna kura ya kuukataa wala kumbukumbu ya kilichotokea. Unakaa kimya mpaka tarehe ya mwisho ya kamati ipite, kwa kawaida mapema Aprili. Kwa hiyo mheshimiwa aombe nafasi kwa maandishi wiki ya kwanza, na ninyi mpigieni mwenyekiti simu kutoka eneo lake la uchaguzi, si kutoka kwenu. Mwenyekiti husikia kwanza wapiga kura wake.

Chungeni sana mnachoongeza. Kifungu kinachogusa taarifa binafsi za watu hupeleka muswada kamati ya masuala ya mahakama. Adhabu mpya ya jinai huupeleka kamati ya usalama wa umma. Kila kifungu cha namna hiyo ni kituo kingine na ratiba nyingine, na saa haisimami. Nimesoma rasimu yenu: kile kipengele cha kuhifadhi rekodi za afya za watunzaji, kiondoeni kama si cha lazima.

Siku ya kusikilizwa, shahidi hupewa dakika mbili au tatu. Chagueni watu wawili: mmoja aliyefanya kazi usiku bila mafunzo na akaona madhara yake, mwingine anayejua gharama. Swali la pesa haliepukiki. Kamati itaagiza tathmini ya gharama, na idara husika itatoa makisio ya miaka kadhaa mbele. Idara isiyoutaka muswada inaweza kukisia juu. Mheshimiwa aiombe ionyeshe wamehesabu watumishi wangapi na saa ngapi, kwani hapo ndipo makosa hugundulika.

Kisha mtasikia mwenyekiti akisema muswada "unawekwa kando kwa uwezekano wa kujumuishwa". Watu wenu watadhani mmeshindwa. Hapana. Huenda unaingizwa kwenye muswada mkubwa wa fedha za afya, unaofanana na ile ya marekebisho ya sheria mbalimbali mnayoijua Tanzania. Lakini huenda pia ukaachwa humo njiani, na hapo ndipo ninapokusihi uwe macho. Baraza na Seneti wakitofautiana, huundwa kamati ya maridhiano yenye wajumbe watatu au watano kila upande. Watumishi wa bunge huandaa jedwali la kulinganisha, safu ya Wawakilishi na safu ya Seneti. Kifungu chenu kikiwa safu moja tu, kiko hatarini. Taarifa ya kamati hiyo ikifika ukumbini haibadilishwi hata nukta; hupigiwa kura nzima nzima, ndiyo au hapana. Kwa hiyo zungumzeni na wajumbe wa maridhiano kabla haijatiwa sahihi.

Usiku wa mwisho ni mgumu. Katiba ya jimbo inakataza kukutana baada ya Jumatatu inayofuata Jumamosi ya tatu ya Mei. Mwaka 2027 hiyo ni tarehe 17 Mei. Mei 2024 muswada wa kurasa zaidi ya 1,400 ulipitishwa dakika chache kabla ya saa sita usiku, wengi wakiwa hawajausoma. Katiba hiyo hiyo inataka sheria iwe na jambo moja tu, na mwaka 2025 jaji wa Kaunti ya Ramsey akabatilisha kipengele cha silaha kilichokuwa humo. Mimi naliona hilo kama dosari kubwa: kitu kizuri kikipitia mlango huo, kinaweza kuangushwa mahakamani.

Muda ukiisha kabla hamjapita, msitupe makaratasi. Muswada wa mwaka usiogawanyika kwa mbili huendelea kuwa hai mwaka unaofuata, na hufa tu kipindi cha miaka miwili kikiisha. Ukipita na kumfikia gavana katikati ya kikao, ana siku tatu bila kuhesabu Jumapili. Asiposaini wala kuukataa, unakuwa sheria. Ile inayopitishwa siku za mwisho kabisa za kipindi cha miaka miwili anapewa siku 14, na hapo asiposaini imekufa. Sheria za kawaida huanza kutumika tarehe 1 Agosti na za fedha tarehe 1 Julai, isipokuwa zenyewe ziseme vingine.

Nitumie namba zote mbili, ya Wawakilishi na ya Seneti, mara tu zikitoka, pamoja na jina la kamati ya kwanza. Na rasimu mpya, dada, ikiwa na namba za mistari.

Wasalimie watoto.

Rafiki yako wa siku zote