Maziwa ya saa tisa usiku

Shoga yangu Rehema,

Hujambo wewe, hajambo shemeji, hajambo mgeni? Mimi mzima. Kimya changu utanisamehe, nitakusimulia siku nyingine. Ujumbe wako wa saa tisa usiku, kwamba mtoto kakataa kulala, ndio ulionifanya niandike.

Umesema shemeji ndiye anayempa mtoto chupa ya usiku ili wewe upumzike. Hongera yake. Ila nikuulize: maziwa ya chupa hiyo uliyakamua saa ngapi?

Usinicheke. Maziwa ya usiku yana melatonini, homoni ya usingizi, ambayo mchana huioni kabisa au ni chembe tu. Ya asubuhi yana kotisoli nyingi zaidi, ile inayotuamsha. Na kichanga hajawa na saa yake kichwani, mpaka akaribie miezi mitatu hivi. Kwa sasa anaazima yako. Wewe unakamua saa moja asubuhi, anakunywa usiku wa manane, halafu mnashangaa kakodoa macho kama mlinzi!

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Friji imejaa vichupa, vyote sura moja. Nikaanza kubandika vipande vya plasta na kuandika saa. Wino ukafutwa na unyevu, nikawa nanusa vichupa kama paka, eti nitambue cha usiku. Nikaishia kuviweka rafu mbili, juu mchana, chini usiku. Sikuahidi miujiza, wangu aliendelea kuamka kwa njaa, lakini akishiba alilala badala ya kutaka mazungumzo. Labda ni maziwa, labda alikuwa anakua tu. Jaribu, haigharimu kitu. Na siku chupa ya usiku ikikosekana mpe ya mchana, asilie njaa kwa ajili ya plasta zangu.

Halafu usilale usiku kucha bila kunyonyesha wala kukamua. Prolaktini, inayotengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku. Ukizoea kuruka, maziwa yatapungua, kisha utanililia mimi.

Hivyo vimatiti vya mtoto vilivyovimba, mwambie mkweo, kwa adabu zako zote, asivibinye! Ni homoni zako zilizompitia tumboni, hata kitone cha maziwa kinaweza kutoka, na uvimbe huisha wenyewe baada ya wiki kadhaa. Kubinya ndiko kunakoleta usaha. Vikiwa vyekundu au akipata homa, hapo hospitali, msingoje. Na ile habari yake ya maziwa ya hasira... basi, tuyaache, barua isije ikaangukia mikononi mwake.

Kuhusu plasta: andika kwa penseli, haifutiki kirahisi.

Sasa niambie, anakojoa vizuri? Wewe unakula, au unamalizia makombo umesimama? Shemeji ameshajua kumcheulisha? Pampu bado inanguruma kama cherehani? Na yule mwenzetu wa mapacha kajifungua, au bado anatutisha? Na hiyo chupa ya leo usiku, umeikamua saa ngapi?

Wako,
Mwana