Dampo la Pugu lifunikwe kwanza, umeme ufuate

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie wazo la kuzalisha umeme kwa gesi ya dampo la Pugu Kinyamwezi, wazo ninaloliunga mkono kwa moyo wote, lakini ambalo naona tunalianzia mwishoni, kwenye mtambo, ilhali kazi yenyewe iko kwenye udongo.

Mabaki ya chakula na majani yakifukiwa pasipo hewa huoza na kutoa gesi ambayo takriban nusu yake ni methani, gesi inayowaka. Gesi hiyo huvutwa kupitia visima vilivyochimbwa ndani ya taka, huondolewa unyevu na uchafu unaokula vyuma, kisha huendesha injini ya jenereta. Taka zikiachwa wazi, methani hupotea angani, ambako kwa kipindi cha miaka 100 huongeza joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule, na moto ukizuka juu ya dampo, moshi wake tunauvuta sisi majirani.

Manispaa ya Durban, Afrika Kusini, ilisimika mtambo wa megawati 1 kwenye dampo la Mariannhill na mingine ya jumla ya megawati 6.5 kwenye dampo la Bisasar Road, na iliweza kwa kuwa taka zilikuwa zikishindiliwa na kufunikwa. Hata hivyo, Sajida Khan, aliyeishi jirani na Bisasar Road, aliupinga mradi akitaka dampo lifungwe, na hoja yake naiona nzito: umeme usiwe kisingizio cha kuendelea kumwaga taka milangoni mwa watu.

Hapa kwetu, mradi wa gesi ya dampo la Mtoni ulisajiliwa mwaka 2007 chini ya Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kimataifa wa kupunguza gesi zinazoongeza joto duniani, dampo likiwa limefika ukingoni. Taka zetu ni mbichi na joto letu ni kali, hivyo huoza upesi, na anayechelewa hukuta gesi nyingi imekwisha kutoka.

Soko lipo, kwani mzalishaji mdogo anaruhusiwa kuiuzia TANESCO umeme usiozidi megawati 10. Naliomba Jiji litenge eneo moja Pugu, taka zishindiliwe na kufunikwa kila siku, visima viwekwe kadiri linavyojaa, na gesi ipimwe walau mwaka mzima kabla ya kuagiza injini yoyote.

Mkazi wa Pugu,
Dar es Salaam