Kiwanja cha watoto wetu kimegeuzwa jaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo linalotusumbua wakazi wa mtaa mmoja wa Iringa mjini, na ambalo ndugu zangu walioko Mafinga na Njombe wananiambia kwamba hata kwao lipo. Ni habari ya kiwanja. Nimeishi hapa miaka kumi na minne na watoto wangu watatu wamejifunzia kukimbia kwenye kiwanja hicho, kwa hiyo ninayoyaandika nimeyaona kwa macho yangu.

Kiwanja chenyewe ni kipande cha ardhi tambarare, kitu adimu katika mji wetu huu wa miinuko, ambamo ukitoka mlangoni ama unapanda ama unashuka. Alfajiri wazee walikuwa wakikizunguka kwa miguu, kila mmoja na koti lake zito, wakisalimiana “kamwene” bila kusimama. Jioni wasichana walicheza rede upande wa juu na wavulana wakapiga chandimu upande wa chini, na Jumapili baada ya ibada sisi akina mama, ambao wengi wetu tumeshaambiwa na daktari habari za presha na sukari, tulikuwa na mchakamchaka wetu pamoja na watoto. Hapakuwa na kiingilio wala mwalimu wa kulipwa, na hakuna aliyehitaji nauli ya kufika.

Jaa lilianza masika ya mwaka juzi. Barabara ya kuingia mtaani iliharibika, lori la taka likashindwa kupanda kwa sababu ya utelezi, nasi tukaambiwa tuweke viroba vyetu kwenye kona ya kiwanja mpaka njia itakapokauka. Njia ilikauka mwezi Mei. Lori lilirudi, lakini likawa linapita pengine baada ya wiki tatu, bila siku inayojulikana, huku ada ya taka ikikusanywa kila mwezi bila kukosa. Katikati ya safari hizo mbwa na kunguru walipasua viroba, na aliyekuta viroba kumi pale hakuona ubaya wa kuongeza cha kwake. Nasema wazi kwamba mimi pia niliongeza changu. Leo jaa limekula karibu robo ya kiwanja, na goli la upande wa chini limo ndani yake.

Mwezi Machi mwanangu wa mwisho alikanyaga kipande cha chupa akiukimbilia mpira, akashonwa nyuzi sita na kuchomwa sindano ya pepopunda. Tangu siku ile nimemkataza kwenda kiwanjani, na wazazi wenzangu wamewakataza wa kwao. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa umri wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuutumikisha mwili kila siku, na mtu mzima walau dakika 150 kwa wiki. Watoto wetu walizipata dakika hizo bila mtu yeyote kuwahesabia, kwa sababu palikuwa na mahali pa kukimbilia. Sasa wanashinda ndani, na akina mama wa mchakamchaka tumetawanyika. Wawili walijaribu kukimbia kando ya barabara kuu wakaacha kwa hofu ya bodaboda.

Serikali imetupa siku mbili nzuri katika mwezi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi, na Desemba 2016 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliwahimiza wananchi wafanye mazoezi Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Mtaani kwetu Jumamosi ya kwanza kati ya hizi inaiua nyingine. Tunafagia nyua na kuzibua mitaro, kisha tunayoyafagia yanapelekwa kiwanjani, mahali pale pale ambapo wiki mbili baadaye tunatakiwa tukanyooshe viungo. Kwa hiyo siku ya usafi inapokwisha nyumba zetu zimetakata, na kiwanja kimechafuka kuliko kilivyokuwa Ijumaa.

Wapo wanaosema baridi ya Iringa haina nzi wa kutisha. Naomba waje wasimame pale saa sita mchana. Jaa linalooza hutengeneza joto lake lenyewe hata mwezi Julai, na penye joto yai la nzi huweza kuwa nzi kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi. Ndiyo maana taka zinazooza hazifai kukaa zaidi ya wiki moja kabla ya kuzolewa. Zikikaa wiki tatu, tunakuwa tumewafuga nzi wenyewe. Wengine huwasha moto ili kulipunguza jaa, na moshi wa plastiki na nepi, ambao una sumu, unaingia kwenye nyumba za jirani wakati watoto wamelala. Mvua ikinyesha, kinachobaki kinasombwa na korongo hadi Mto Ruaha Mdogo, mto unaounyweshea mji huu maji kabla haujaenda kuungana na Ruaha Mkuu kuelekea Bwawa la Mtera.

Sitaki niandike kana kwamba kosa lote ni la mwenye lori. Mwezi uliopita nilifanya jaribio dogo jikoni kwangu. Kwa wiki moja niliweka ndoo mbili: moja ya maganda ya ndizi na viazi, majani ya mboga, magunzi na makombo ya ugali, na nyingine ya vitu vingine vyote. Ndoo ya kwanza ilijaa mara nne, na ya pili haikujaa hata mara moja. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mzigo ninaomlipa mtu aubebe ni mbolea. Nimechimba shimo nyuma ya nyumba, ninapanga tabaka la maganda, tabaka la majani makavu, majivu kidogo na udongo, ninanyunyizia maji na kuligeuza kila baada ya wiki mbili. Katika baridi yetu mboji huchelewa kuiva, lakini jirani yangu aliyenitangulia tayari anaimwaga kwenye tuta lake la figiri. Makopo na chupa za plastiki wapo vijana wanaozinunua kwa kilo. Kinachobaki kwa ajili ya lori ni kidogo, hakinuki sana, na mbwa hana sababu ya kukipasua. Wapangaji wasio na ua wangeweza kuchimbiwa shimo la pamoja, na sioni gharama yake zaidi ya jembe na makubaliano.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaziachia mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu, na halmashauri zina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Naomba uwezo huo utumike kuandika katika kila mkataba wa kuzoa taka siku ya gari kupita, ili siku hiyo ibandikwe kwenye ofisi ya mtaa na mwenyekiti awe na haki ya kuzuia malipo siku inaporukwa. Naomba pia kiwanja chetu kipimwe na kiwekewe mipaka kama eneo la wazi, kwa maana eneo lililokwisha kuitwa jaa haliwi gumu kugawiwa kesho kwa mtu mwenye mchanga na kokoto, na hilo ndilo ninaloliogopa kuliko nzi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu kaya ishirini na tatu tumekubaliana kuanza kuzoa jaa hilo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Makoleo, glavu na viroba tunavyo, na wazee wameahidi kuandaa uji. Tulichokosa ni gari la kubebea tutakachozoa hadi kwenye dampo. Tumeandika barua ya kuliomba na tumeikabidhi inakohusika, na hadi ninapoandika haya hatujajibiwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mama wa watoto watatu,
Iringa.