Salamu za Mwaka wa Farasi kutoka Jixi

Ndugu, jamaa na marafiki, hamjambo huko mliko? Heri ya Mwaka Mpya wa Kichina! Kesho, tarehe 17 Februari 2026, unaingia Mwaka wa Farasi. Nawaandikia nikiwa jikoni Jixi, mkoani Anhui, China, kwa mama aliyenikaribisha ili nisile sikukuu peke yangu.

Tangu saa saba mchana kuna sufuria pana ya chuma juu ya jiko la mkaa. Wenyeji wanaiita *yipinguo*. Msomi Hu Shi, balozi wa China nchini Marekani kuanzia 1938 hadi 1942, ambaye ukoo wake ni wa hapa, aliwaandalia wageni wake chakula hiki hiki. Chini kabisa mama amepanga figili na machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa. Yakafuata mapande ya nyama ya nguruwe na ngozi yake, kisha tofu ya kukaanga iliyojazwa nyama ya kusaga, kisha sambusa za mayai, na juu kabisa kuku.

Sambusa nimeachiwa mimi. Unashika upawa wa chuma juu ya moto, unausugua kwa kipande cha mafuta ya nguruwe, unamimina yai kidogo tu. Linapoanza kushika kingo, unatia nyama katikati na kulikunja kabla halijakauka. Ya kwanza ilichanika. Mama akaipokea, akaipanga pamoja na nyingine.

Sufuria hii haikorogwi. Kwa saa tatu, nne, mama anachota mchuzi wa chini na kuumwaga juu, nao unashuka tena tabaka kwa tabaka mpaka kwenye figili. Mimi naona figili ndiyo tamu kuliko nyama yote.

Mwanawe wa mwisho yuko kwenye treni kutoka Shanghai. Nimemuuliza mama, kijana akichelewa itakuwaje. Akasema, "Chungu kitamngoja," akapunguza moto. Hapo nikawakumbuka nyumbani, na sahani yangu inayofunikwa kila Krismasi hata mkijua siji.

Wiki hii hii wengine mnaanza mfungo wa Ramadhani, wengine Kwaresima. Nawatakia mfungo mwema, afya, na wasafiri wenu wafike salama. Mwaka huu nami nitakuja, nimeshaomba likizo.

Naishia hapa, mkaa unataka kupepewa.