Picha zilizolowa zisianikwe juani

Ndugu Mhariri,

Mafuriko ya Desemba 2011 yalipoingia nyumbani kwetu, bonde la Msimbazi, mama alianika albamu nzima juani, kwani hakuna aliyewahi kumwelekeza vinginevyo, na picha pekee ya harusi ya babu ikakauka ikiwa imegandamana na plastiki. Tulipoibandua, sura zao zilibanduka pia. Hadi leo inaniuma.

Picha za karatasi zilizoshikana zitenganishwe taratibu ndani ya maji safi ya baridi, bila kusugua upande wenye sura, kisha zilazwe kivulini zikitazama juu. Zikiwa nyingi mno, zifungwe kwenye mifuko na kuwekwa kwenye friza hadi nafasi ipatikane.

Naziomba serikali za mitaa ziyatangaze haya kabla ya masika.

Mkazi wa Jangwani,
Dar es Salaam